Barua ya kumfukuza mtu baada ya siku 15 kupita: mwanasheria wa kampuni afanye nini?

Binti wa Katuba, Lubumbashi. Jumanne, 25 Machi

Wakubwa zangu na wenzangu katika sheria, nawasalimu kwa heshima.

Huu ni mwaka wa pili tangu niajiriwe na kampuni moja kubwa ya migodi hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama mwanasheria wa mambo ya kazi. Kabla ya hapo nilikuwa wakili. Kwa kuwa sheria ya 1979 inayowahusu mawakili hairuhusu wakili kuwa mtu wa mshahara chini ya amri ya mwajiri, niliomba kuondolewa kwenye orodha ya baraza la mawakili, nikaikunja kanzu yangu na kuiweka sandukuni. Siku hizi sisimami tena mbele ya mahakimu. Ninaandika mikataba, ninasoma barua za kuomba maelezo kabla hazijatumwa, ninakagua dekonti (hesabu za mwisho za malipo) za wanaoondoka, ninakwenda kwa mkaguzi wa kazi, yule afisa wa serikali anayepatanisha, mfanyakazi anapotuita huko, na shauri likifika mahakamani ninamwandalia faili wakili wa nje anayetutetea.

Jambo linaloninyima usingizi ni hili. Jumatatu tarehe 3 Machi, mkuu wa ulinzi alimpelekea mkuu wa wafanyakazi ripoti ya kurasa mbili iliyoeleza kwamba lita 400 za mazuti (mafuta ya dizeli) zilitoka bohari usiku bila karatasi yoyote. Ripoti ilimtaja mtunza bohari mmoja, baba wa watoto 6, mwenye miaka 11 kamili ya kazi. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Kazi kinampa mwajiri siku 2 za kazi za kumwandikia mtu kwamba anasimamishwa kwa ajili ya uchunguzi, hakuna aliyemwandikia. Wala hakuna aliyemwomba maelezo. Aliendelea kuja kazini na kukabidhiwa funguo zilezile kila jioni. Leo asubuhi nimeitwa na kuambiwa niandike barua ya kumfukuza kwa kosa zito, bila preavi (muda wa kumjulisha mapema kabla ya kuachana naye), iwe mezani kesho saa 2.

Nimeihesabu kalenda mara tatu. Kifungu hichohicho kinamtaka anayevunja mkataba kwa kosa zito amjulishe mwenzake kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu alipoyajua mambo anayomlaumu nayo. Jumamosi ikihesabiwa kama siku ya kazi, muda huo ulikwisha Alhamisi tarehe 20. Nilipolisema hilo, mkuu wa wafanyakazi alijibu kwamba siku zianze kuhesabiwa tarehe 18, mkurugenzi mkuu aliporudi kutoka safarini na kuisoma ripoti mwenyewe, kwa sababu anayesema kwa jina la kampuni ni mkurugenzi. Kisha akaongeza, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba sikuajiriwa kuwatetea wezi.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la sheria: je, hoja hii ya safari ya mkurugenzi inaweza kusimama mbele ya mahakama ya kazi? La pili ni zito zaidi kwangu: mtu aliyeuacha uhuru wa uwakili akawa mtu wa mshahara anamwambiaje mkubwa wake kwamba barua hii haiwezi kuandikwa, bila kuonekana amehamia upande wa pili? Ninakaa Katuba, na majirani wanajua ninapofanya kazi. Wiki haipiti bila mama fulani kuniletea barua ya mwanawe aliyefukuzwa mahali fulani, akidhani mimi ndiye niliyeiandika, na imewahi kutokea kwamba ni mimi kweli.

Mzee wa Kamalondo. Jumanne, 25 Machi

Binti yangu, kazi hiyo nimeifanya miaka 27, kwa mwajiri nisiyemtaja, hadi nilipostaafu. Naanza na swali lako la kwanza kwa sababu sehemu kubwa ya jibu la pili imo ndani yake.

Kifungu cha 72 hakimtaji mkurugenzi mkuu. Kinazungumza juu ya upande unaovunja mkataba na siku upande huo ulipojua. Kampuni haina macho yake yenyewe. Inaona kwa macho ya wale iliowapa mamlaka. Mkuu wa wafanyakazi ndiye anayepokea ripoti za namna hiyo, ndiye anayetia sahihi barua za adhabu, na ndiye anayeketi na sendika, yaani chama cha wafanyakazi, kwa jina la kampuni. Akiwa yeye alijua tarehe 3, sioni utakavyomshawishi hakimu kwamba kampuni ilikuwa bado haijui. Ingekuwa vingine kama ripoti ingekwama kwa msimamizi wa zamu asiye na uwezo wa kumwadhibu mtu. Hapo kungekuwa na la kujadili. Ripoti yenu bila shaka ina muhuri wa siku ya kupokelewa, na muhuri huo ndio kitu cha kwanza ambacho wakili wa mfanyakazi atauomba. Kumbuka pia wanaokaa pale mbele: hakimu mmoja, na pembeni yake wasaidizi wawili, mmoja kutoka kwa waajiri na mmoja kutoka kwa wafanyakazi. Wasaidizi hao wamekulia ndani ya kazi, na wanajua kwamba ripoti ya mazuti haikai wiki mbili mezani ikimngoja msafiri.

Hata hivyo, mimi ningehofia zaidi jambo ambalo wewe umelitaja kwa sentensi moja tu, kwamba aliendelea kupewa funguo. Sheria inaliita kosa zito pale ambapo kanuni za nia njema haziruhusu kumdai mwenzako aendelee na mkataba. Sasa mwajiri atasemaje kwamba hangeweza kuendelea na mtu huyu hata siku moja zaidi, naye kwa wiki tatu nzima amemkabidhi bohari ileile, na mazuti yaleyale, kila jioni? Hoja hiyo inaivunja barua yenu hata kama tarehe zote zingekuwa sawa.

Kwa swali lako la pili, nakushauri umpelekee mkubwa wako hesabu iliyoandikwa kwenye ukurasa mmoja. Preavi ya kifungu cha 64 ni siku 14 za kazi, ukiongeza siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Miaka 11 inatoa 77, jumla siku 91 za kazi, kama mkataba au makubaliano ya pamoja hayatoi zaidi. Hiyo ndiyo gharama ya kuachana naye kwa preavi, ikiwa sababu halali ipo na imethibitishwa, maana kupitwa na siku 15 kunafunga njia ya kumfukuza papo hapo tu. Chini ya mstari huo andika kifungu cha 63: mkataba usio na kikomo ukivunjwa bila sababu halali, mfanyakazi ana haki ya kurudishwa kazini, na asiporudishwa mahakama inamkadiria fidia kwa kuangalia aina ya kazi, miaka ya utumishi, umri na haki alizokwisha kupata, hadi kufikia mishahara ya miezi 36. Usiongeze neno la kumlaumu mtu. Tia tarehe na sahihi, na ubaki na nakala.

Mimi ni mtoto wa kampi, makazi ya wafanyakazi wa kampuni. Mwaka 2003, ulipoanza mpango wa kuondoka kwa hiari wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao kwao watu zaidi ya 10,000 waliacha kazi, jioni nyingi nilizimaliza barazani nikiwasomea majirani karatasi ambazo tayari walikuwa wameshazitia sahihi. Wengi wao walikuwa wanazielewa kwa mara ya kwanza. Tangu wakati huo sikukubali kuandika barua ambayo nisingeweza kumsomea mwenye jina lake uso kwa uso, kwa Kiswahili, na kumweleza kila mstari.

Wakili wa mjini. Jumatano, 26 Machi

Dada yangu, mimi niko upande wa pili: wateja wangu karibu wote ni wafanyakazi. Nakubaliana na Mzee juu ya tarehe, lakini kwa heshima zote napinga haraka yake ya kufika kwenye preavi. Siku 91 ni gharama ya kumwachisha mtu ambaye sababu yake imethibitishwa, na hapa hakuna kilichothibitishwa. Ripoti ya mlinzi imemtaja mtunza bohari kwa sababu bohari ni lake. Hakuna aliyemuuliza. Nchi yetu iliridhia Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao kifungu chake cha 7 kinataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kufukuzwa kwa sababu za mwenendo wake. Kwa hiyo kitu cha kuandika badala ya barua ile ni barua ya kumwomba maelezo, yenye kutaja usiku gani, lita ngapi na karatasi gani inayokosekana. Barua nyingi za kuomba maelezo ninazoziona zinamuuliza mtu „kwa nini uliiba", na swali la namna hiyo limeshamhukumu.

Nikipokea faili ya mtu aliyefukuzwa, ninaangalia kwanza sababu iliyoandikwa ndani ya barua. Kifungu cha 76 kinamlazimisha mwajiri kuitaja waziwazi. Ikiwa imeandikwa tu kwamba „imani imepotea", ninajua kwamba wiki zijazo kampuni itahangaika kutafuta matukio ya kujaza pengo hilo, na ninajua pia kwamba hakuna mwanasheria aliyeisoma barua ile kabla haijatoka, au aliisoma akanyamaza.

Naomba uniruhusu kusema jambo juu ya upatanishi, kwa sababu naona ndipo kazi yako inapoweza kuwafaa watu wengi zaidi. Kifungu cha 298 kinasema kwamba shauri la mtu mmoja halipokelewi mahakamani kabla halijapita kwa mkaguzi wa kazi. Kwa hiyo kila mgogoro, uwe mdogo au mkubwa, unapita katika chumba kile, na nyinyi wanasheria wa kampuni ndio mnaokuja kuketi mbele yetu. Mara nyingi anayekuja hana ruhusa ya kutoa hata faranga moja. Anasoma msimamo wa kampuni, hati ya kutopatana inaandikwa, na mzee wa miaka 55 anaanza safari ya mahakama ambayo inaweza kumla miaka. Kabla ya kwenda kule, omba kwa maandishi uwezo wa kukubaliana hadi kiasi fulani. Mkubwa wako akikataa kukupa, mwombe aje mwenyewe. Nimeona mashauri ambayo yangekwisha kwa mazungumzo ya nusu saa, kwa sababu deni lilikuwa la likizo mbili zisizolipwa, yakizeeka hadi mahakama ya rufaa.

Swali la mwisho, nalo ulijibu kabla ya kufanya jambo lingine lolote: je, mtu huyu ni mjumbe wa sendika? Mjumbe kamili au mbadala, yote ni sawa. Kifungu cha 258 kinataka mkaguzi wa kazi aidhinishe kwanza.

Mjumbe wa karakana, Ruashi. Jumatano, 26 Machi

Mimi si mwanasheria; ni mjumbe wa wafanyakazi, na naomba mnivumilie.

Dada, umeuliza utakavyomwambia mkubwa wako. Mimi nakuambia jinsi sisi tunavyokuona. Katika kampuni ninayofanya kazi, mtu akiitwa juu kwa mwanasheria, habari inafika nyumbani kabla yake, na mke wake anaanza kufikiria watakapohamia, kwa sababu nyumba ni ya kampuni. Hatujawahi kumwona mwanasheria siku ambayo hakuna mtu wa kuadhibiwa. Kanuni za ndani zimebandikwa kwa Kifaransa karibu na mlango wa kantini, kurasa nyingi, kwa herufi ndogo. Kama ungeshuka siku moja ukatusomea kwa Kiswahili mambo matatu tu (barua ya maelezo inajibiwaje, mtu ana siku ngapi, anaweza kuja na nani), wengi wangeacha kutia sahihi kwa hofu au kukataa kutia sahihi kwa hofu ileile.

Kuna pia vijana wa kutwa, wale wanaoajiriwa siku kwa siku. Sheria inasema kwamba mtu wa kutwa akishafanya siku 22 za kazi katika miezi miwili, akiandikwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa hauna kikomo. Sisi tunaijua sheria hiyo kwa kusikia tu, na wakubwa wa karakana wanaijua vizuri zaidi kuliko sisi, ndiyo maana siku ya 21 kijana anaambiwa apumzike kwanza. Nakuomba uliangalie jambo hilo kwenu bila kungoja mtu alalamike.

Binti wa Katuba. Jumamosi, 29 Machi

Nawashukuru wote. Naeleza yaliyotokea, kwa sababu mlinipa wakati wenu.

Usiku wa Jumanne niliandika ukurasa mmoja kama Mzee alivyoshauri: tarehe, funguo, siku 91, miezi 36. Jumatano asubuhi niliukabidhi badala ya barua. Mkuu wa wafanyakazi aliusoma akiwa amesimama, kisha akaketi akausoma tena. Nilimwambia kwamba naitetea kampuni kama alivyoniajiri kufanya, na kwamba siku ya kusikilizwa kwa shauri hakuna atakayemuuliza yeye alikasirika kiasi gani. Watasoma barua na kuhesabu siku. Hakunisifu wala hakunifokea. Aliuliza tu ni nini kinachoweza kufanyika sasa, na swali hilo lilinitosha.

Mchana huo niliona jibu la Wakili wa mjini, nikaenda kufungua faili ya uchaguzi wa wajumbe. Jina la mtunza bohari limo: alichaguliwa mjumbe mbadala. Hakuna aliyekumbuka, hata mkuu wa wafanyakazi ambaye sahihi yake iko chini ya hati ile. Nakiri kwamba mikono ilinitetemeka, kwa sababu mimi pia sikuwa nimeangalia, na kama ningekuwa mtu wa kutii haraka, barua ingekuwa imekwisha kutoka bila mkaguzi kujua lolote.

Alhamisi tulimpelekea barua ya kuomba maelezo. Nilihakikisha haina neno „wizi" mahali popote. Amejibu jana kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiswahili, kurasa mbili na nusu. Anasema kwamba ufunguo wa pili wa bohari hulala kwa walinzi wa usiku, na kwamba mara mbili alitoa taarifa ya kufuli lililoharibika. Moja ya taarifa hizo ameiambatanisha, na ina sahihi ya aliyeipokea. Sijui kama anasema kweli juu ya lita 400. Ninachojua ni kwamba ripoti ya tarehe 3 iliandikwa na ofisi ileile inayoshika ufunguo wa pili, na kwamba jambo hilo halikutajwa ndani yake hata kwa mstari mmoja. Mkurugenzi mkuu amekubali uchunguzi ufanywe upya na watu wa ukaguzi wa ndani, na kwamba mkaguzi wa kazi atapelekewa faili kwanza ikiwa tutafika kwenye hatua ya kuachana.

Baba mjumbe wa Ruashi, juu ya vijana wa kutwa nimeomba orodha za siku zao za miezi sita. Bado sijapewa zote. Juu ya kusoma kanuni kwa Kiswahili, mkuu wa wafanyakazi amenipa nusu saa kila mwanzo wa mwezi, kabla ya zamu ya asubuhi, na nitaanza na karakana ya magari makubwa.

Mzee, nina swali dogo lililobaki. Faili zetu zote ni za Kifaransa. Je, barua yake niitafsiri, nikaweka tafsiri peke yake ndani ya faili, au nifanyeje?

Mzee wa Kamalondo. Jumamosi, 29 Machi

Binti yangu, iweke ya Kiswahili kama alivyoiandika, na makosa yake yote, kisha tafsiri yako nyuma yake, na mwite asome tafsiri hiyo au asomewe kabla hujaitia sahihi. Akipinga neno, andika pembeni kwamba amelipinga na anavyotaka lisomeke.

Nakuambia hivyo kwa sababu nimeliona. Kazini kwetu mtu mmoja aliandika „nilikamata mazuti kwa bwana wa zamu", naye kwa Kiswahili chetu cha hapa alitaka kusema kwamba aliyapokea kutoka kwake, kama ilivyokuwa desturi. Aliyeitafsiri hakuwa mtu wa huku, akaandika kwa Kifaransa kwamba aliyanyakua mikononi mwake, na karatasi ya Kiswahili ikatupwa kwa kudhani haina kazi tena. Tulikaa vikao vitatu kwa mkaguzi tukibishana juu ya kitenzi kimoja, bila yeyote kati yetu kuwa na ile karatasi.